Manowari Haipigwi Picha kwa Ruhusa

Jumamosi, 22 Juni 2024

Vita imetangazwa.

Leo kwenye mkutano wa Umoja wetu wa Watanzania hapa Kanada, Mama Tahera, mwenyekiti, ametangaza kwamba Saba Saba mwaka huu tutaisherehekea Jumamosi ya tarehe sita, kabla Muharram haijaingia. Yeye na nusu ya kamati wakishavaa nyeusi ya maombolezo, hakuna tena ngoma. Na mashindano ya picha yapo palepale. Picha itakayoshinda inakaa juu ya kalenda ya Umoja. Mwaka mzima! Kwenye kila jiko la Mtanzania kuanzia Weston hadi Malton.

Mwaka jana alishinda Rogers. Mwaka juzi, Rogers. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mfanyakazi wa benki, mtu anayevaa tai hata akienda kutupa taka. Anapiga picha bata bukini. Kwa simu! Bata wamekaa. Bata wamesimama. Hapo kuna ujuzi gani? Bata hawajui hata kukataa.

Mimi napiga manowari. Meli za kivita za zamani, zilizostaafu zikafanywa makumbusho. Ninazo picha zake nyingi, zote za mbali: nyuma ya mti, nyuma ya lori, moja kupitia dirisha la choo cha mgahawa. Za karibu sina, kwa sababu manowari haipigwi picha. Mtu yeyote aliyekulia kwetu analijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Daraja, kambi, kituo cha polisi, manowari: marufuku. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, katika mji mmoja wa pwani ambao sitautaja (shajara husomwa), nilipoinua kamera ya mjomba mbele ya manowari moja tu. Askari akachomoa mkanda wote, akaunyoosha juani kama anaanika utumbo. Kisha akanirusha kichura mpaka kwenye foleni ya kivuko na kurudi. Foleni nzima ikawa inanihesabia kwa sauti, na mama mmoja akaniambia nishike masikio vizuri. Siku ile niliapa. Manowari nitazipiga picha mpaka nife, na hakuna atakayeniona.

Nimemwambia Otilia mwaka huu kalenda ni yangu. Mke wangu ametazama meza ya chakula. Juu yake kuna kamera, begi lake, na lenzi ndefu kama mchi. Amesema amechoka kula akiwa ameshika sahani mkononi. Nikishindwa safari hii, kamera inauzwa, na lenzi zake, na kila kitu. Ameyasema hayo mbele ya Mzee Akberali, aliyekuja kunywa chai. Nikainua mkono, nikaapa. Mzee Akberali akasema yeye ni shahidi, akachukua kitumbua cha mwisho.

Sina wasiwasi hata chembe.


Jumapili, 23 Juni

Baada ya misa, upelelezi. Mzee Akberali amenipeleka Hamilton, kwenye manowari ya makumbusho iliyofungwa gatini kule. Yeye ni mtu wa Tanga, alikuwa na duka la vitambaa, sasa amestaafu. Ni mtu pekee anayeniamini. Pia ni mtu pekee mwenye gari na muda.

Nilivaa helmeti na kizibao cha njano cha kazini, cha ghala letu la mizigo pale uwanja wa ndege. Kamera tumboni, chini ya kizibao. Mzee Akberali aliniuliza mbona mtu anakwenda makumbusho amevaa kama anakwenda kuziba mashimo ya barabara. Nikamwambia aegeshe mbali.

Nikaiona! Ndefu, ya kijivu, mizinga imeinuliwa. Halafu nikaona jambo la kushangaza. Watu wote walikuwa wanaipiga picha. Watoto wamekaa juu ya mizinga. Kina mama wanajipiga picha kwa simu. Hata bibi harusi na shela lake amesimama gatini, mpiga picha kapiga goti mbele yake.

Mzee Akberali akaniuliza, bwana Leonce, mbona kila mtu anapiga? Nikamweleza polepole, maana ni mtu mzima. Ule ni mtego. Wenyeji wana vibali vyao, na waliobaki ni askari kanzu. Akauliza, hata bibi harusi? Nikamwambia atazame miguuni. Bibi harusi amevaa raba! Za kukimbilia nini, siku ya harusi yake?

Akasema basi niende pale dirishani nikaulize. Niulize! Ukiuliza umeshajiripoti. Jina linaandikwa. Kesho msumari ukipotea melini, watamtafuta nani? Mzee wa watu akatikisa kichwa, akakata tiketi, akapanda. Akarudi na aiskrimu mkononi na simu imejaa picha. Nikamsihi azifute. Amekataa. Njia nzima ya kurudi nimekaa kiti cha nyuma, nikijifanya abiria asiyemjua.

Jioni binti yetu Jacqueline amefungua tovuti ya makumbusho akanionyesha. Picha zinaruhusiwa, imeandikwa wazi. Amenieleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, na mimi nimemjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yangu. Nimemwambia hata mimi naweza kuandika mtandaoni kwamba kwa Rogers wageni wanaruhusiwa kulala.


Jumanne, 25 Juni

Nimepata! Wazo limenijia kazini saa ya chakula, nikimtazama mwenzangu akifungua hotpoti lake. Tangu dunia iumbwe, nani amewahi kumkamata mtu kwa kubeba hotpoti?

Otilia alikuwa zamu. Nikatoa lile kubwa kabatini, la maua ya buluu, alilopewa na dada yake siku ya harusi yetu. Nikachukua drili. Tundu moja safi, ubavuni, kubwa kiasi cha lenzi fupi. Ndani nimetandika kitenge ili kamera isicheze. Ukiliona mezani unasema pilau. Kumbe ni jicho!

Majaribio nimeyafanya kwa Rogers, akishuka na taka na tai yake. Nimempiga picha akiwa anakuja. Akasimama, akanisalimu, kaka Leonce, umebeba nini hapo? Nikasema makande. Akasema yananukia vizuri. Mnafiki mkubwa! Yangenukiaje?


Alhamisi, 27 Juni

Leo sina zamu. Hamilton tena. Mzee Akberali alibaki garini anasoma gazeti, amesema anataka kuwa shahidi, si mshtakiwa.

Kando ya maji, karibu na gati, kuna majani marefu. Nikalala kifudifudi, hotpoti mbele yangu. Nikatambaa. Helmeti ilinishuka machoni, nikatambaa bila kuona, kwa harufu ya maji tu. Hatimaye, kupitia tundu la hotpoti, mzinga! Karibu kabisa! Nilisikia hata bendera ikipigapiga.

Ndipo akatokea bata bukini. Mama bata, na vifaranga vyake nyuma. Sijui ni nani aliyewatuma. (Namjua.) Alinitazama kwa jicho la benki. Sikusogea. Akanishika suruali, upande wa nyuma, akavuta. Sikulia. Nikabonyeza kamera mara moja tu, halafu nikaondoka eneo lile. Mzee Akberali anadai nilikimbia nikipiga kelele za jina la mama yangu. Gazeti lake lilikuwa limemziba macho, hajui lolote.

Tumeiangalia picha garini. Giza la mviringo pande zote. Katikati, ncha ya mzinga. Kushoto, mdomo wa bata uliopanuka. Mzee Akberali ameitazama sana, akasema inafanana na ile aliyopigwa ya tumbo hospitalini.

Hajui sanaa. Lakini ninyi kurasa zangu nawaambia ukweli: mikono ilinitetemeka kwa furaha. Manowari, hatua chache kutoka puani kwangu, na hakuna aliyeniruhusu! Sijawahi kufurahi hivi tangu Jacqueline azaliwe.

Dosari ni moja, huyo bata. Sitaki bata hata mmoja aingie kwenye kalenda kwa mgongo wangu. Lazima nirudi.


Jumapili, 30 Juni

Msiba.

Kina mama wa kanisani walikuwa na chakula baada ya misa. Otilia, bila kunishauri, akapakia ndizi na maharage ndani ya hotpoti la maua ya buluu. Ndizi zenye mchuzi mwingi, kama tunavyozipenda Wahaya. Tundu nilikuwa nimeliziba kwa ubani wa kutafuna, nikabandika gundi ya karatasi juu yake. Ubani wa kutafuna hauwezi joto. Sasa najua.

Mchuzi ulianza kutoka wakati padri akibariki meza. Ulimfika kwenye viatu alipofika kwa Roho Mtakatifu. Otilia aliinua hotpoti, akaligeuza, akaingiza kidole kwenye tundu. Kikatokea upande wa ndani. Akanitafuta kwa macho katika watu wote wale, na kile kidole kinacheza.

Nyumbani ameniuliza atamwambia nini dada yake. Nimemjibu kwamba hotpoti limetumika kwa heshima. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Akafungia mahotpoti yote kabatini, ufunguo akautia kwenye mkoba wake. Chakula cha jioni nimejipikia mwenyewe. Mayai.

Hainirudishi nyuma hii. Kesho ni Sikukuu ya Kanada.


Jumatatu, 1 Julai

Sijui nianzie wapi.

Umati mkubwa gatini, muziki, watoto wamechorwa nyuso. Mimi nilijifunga bendera kubwa ya Kanada, kama mama aliyejifunga khanga akiwahi msibani, kamera ndani yake. Nani atamshuku raia aliyejifunga bendera siku ya taifa? Nikajibanza nyuma ya pipa la taka karibu na ngazi ya meli. Pembe nzuri, mwanga mzuri, hakuna bata. Nikatoa lenzi kidogo tu katikati ya bendera.

Mkono ukanigusa begani.

Nitasema kweli. Miguu ilikumbuka kabla ya kichwa. Kabla sijageuka kuona ni nani, nilikuwa nimeshachuchumaa, nimeshika masikio, naruka kichura. Nikaruka kuelekea barabarani, bendera inaburuzika, kamera inanipiga kifuani. Watoto wakadhani ni mchezo wa sikukuu, wakajipanga nyuma yangu wakaruka nao. Tulifika kwenye gari la aiskrimu. Pale ndipo Mzee Akberali aliponidaka kwa bendera, akanisimamisha.

Aliyenigusa alikuwa mzee wa Kizungu, baharia mstaafu, anajitolea pale melini. Anaitwa Gordon. Alikuwa amekuja kuniambia kwamba nyuma ya lile pipa kuna nyigu. Alimuuliza Mzee Akberali kama mimi ni mgonjwa. Na Mzee Akberali, msaliti yule, akamweleza yote! Mkanda, askari, foleni ya kivuko, hotpoti, yote.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alivua kofia yake. Akasema amefanya kazi kwenye meli maisha yake yote na hajaona mtu aliyeiheshimu meli namna hii. Akafungua mnyororo ambao wageni hawavuki, akatupandisha juu kabisa, pale anaposimama nahodha. Akaniambia nipige chochote, kutoka popote, mpaka nichoke. Akanishikia hata begi.

Wingu likafunguka. Jua likashuka kwenye mizinga yote kwa mara moja, na ule mkono wa mzee, mkavu, wa mishipa, ukawa umeshika chuma cha meli kana kwamba unaituliza. Nikabonyeza. Ilitoka safi. Safi mno.

Mikono haikutetemeka hata kidogo. Nilijiona kama mwindaji aliyeletewa nyama kwenye sahani, imeshakatwakatwa. Mzee Akberali ameimba njia nzima mpaka Weston, akisema kamera imepona. Mimi nimetazama dirishani.


Jumatano, 3 Julai

Leo ni mwisho wa kupeleka picha kwa Mama Tahera. Nimeziweka mezani mbili, kwenye kompyuta ya Jacqueline: ya hotpoti na ya ruhusa.

Otilia amekuja akipangusa mikono. Ya hotpoti hakuitazama. Ya pili ameitazama mpaka chai yake ikapoa. Amesema mkono wa huyo mzee ni mkono wa baba yake kabisa, alivyokuwa akishika mlango akiwaaga wageni. Akasema, Baba Jacky, hii ndiyo. Sauti yake ilikuwa ya chini.

Nikamwambia hiyo si picha, ni zawadi. Hata picha ya pasipoti inapigwa kwa ruhusa, na nani amewahi kuitundika ukutani? Mwanamume halisi anapeleka alichokipata kwa jasho. Mzee Akberali, aliyekuja kunywa chai, akasema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Nikamwongezea chai. Kwa umri wake na kwa sababu nilihitaji lifti ya gari lake.

Nimepeleka ya hotpoti. Mama Tahera ameigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akauliza juu ni wapi. Nikamwambia juu ni kote. Amesema ataitafutia mahali.

Kwenye lifti ya jengo nimekutana na Rogers. Amenipa mkono na kuniambia kaka, nakutakia heri. Yaani amenitukana wazi wazi, na Otilia anasema hajasikia tusi.


Jumamosi, 6 Julai

Ukumbi wa Lawrence Heights. Mishkaki, pilau, muziki wa nyumbani, watoto wanakimbia chini ya meza. Picha yangu niliikuta imetundikwa karibu na mlango wa choo. Vizuri sana, kila mtu atapita pale. Bata wa Rogers wako katikati ya ukuta. Safari hii wanaogelea.

Mama Tahera akashika kipaza sauti. Akasema kwa mara ya kwanza waamuzi hawakubishana. Kulikuwa na fremu moja imefunikwa kitenge. Akakivuta.

Mawe, mama yangu! Meli yangu! Ile safi. Jua juu ya mizinga, na mkono wa Gordon. Hata wale watoto wakatoka chini ya meza. Kisha makofi. Mama Tahera akasema, picha ya Bwana Leonce! Wa kwanza kusimama na kupiga makofi alikuwa Rogers, na alipiga kwa moyo, nilimwona machozi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikamtafuta Otilia. Alikuwa kwenye meza ya pilau, mwiko mkononi, anatabasamu kama siku ya harusi yetu. Ndipo nikaelewa. Alichomoa kadi kwenye kamera yangu. Akaenda kuisafisha picha dukani, akanunua fremu, akaipeleka kwa Mama Tahera jioni ileile ya Jumatano. Bila kuniomba ruhusa! Mke wangu wa ndoa! Mtu anachukuaje picha ya mwenzake bila ruhusa?

Nikapanda jukwaani. Nikachukua kipaza sauti. Nikatangaza kwamba picha ile si yangu. Yangu ni ile ya mlangoni mwa choo. Mama Tahera akauliza kwa upole, kama si wewe, nani ameipiga? Nikasema imepigwa na ruhusa, mimi nilibonyeza tu. Watu wakacheka, wakidhani ni vichekesho vya Saba Saba. Nikarudia. Wakaacha kucheka. Mama Tahera akaniuliza, mbele ya watu wote, kama nina hakika, maana picha isiyo na mwenyewe haishindanishwi. Otilia alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, ananiomba kwa macho.

Nikasema nina hakika.

Wameshinda bata. Otilia aliweka mwiko chini na kwenda kuvaa koti lake. Koti, mwezi wa saba!


Jumapili, 7 Julai

Saba Saba yenyewe. Nyumba kimya. Misani Otilia amekaa benchi la mbele yangu.

Mchana nimemkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamwambia hata kama ameniudhi, kazi yake ilikuwa nzuri. Kadi imechomolewa, imerudishwa, na mimi sikushtuka! Nilitaka acheke. Akaweka kisu chini.

Amesema maneno ya kuuza kamera yalimtoka kwa hasira, kwa sababu ya meza. Hakutaka iuzwe. Ananiona nikirudi kutoka ghalani nimejiinamia, nikishika kamera nanyooka. Lakini alishasema mbele ya shahidi, na kwao mwanamke halambi matapishi yake. Njia ilikuwa moja tu, nishinde. Akasema, nilitaka ushinde, Baba Jacky.

Iliniuma. Nikataka kumwambia asante. Nikafungua mdomo, nikasikia namwambia kwamba fremu ilikuwa imepinda.

Mdomo huu!


Jumatatu, 8 Julai

Sijutii.

Mama Tahera amepiga simu alasiri, sauti imechoka, ameshaanza siku zake za majlisi za Muharram. Kalenda inakwenda kiwandani kesho. Mzee Akberali ametoa ushahidi kwamba mkono uliobonyeza ni wangu. Rogers mwenyewe amesema bata wake watolewe. Kamati haitaki hotuba wala maelezo. Niseme tu, ni yangu. Maneno mawili, na ushindi unarudi.

Otilia aliweka simu mezani, sauti juu. Kando yake kamera ilikuwa tayari ndani ya boksi, kwa sababu mnunuzi tuliyempata mtandaoni alishapanda basi. Jacqueline akaja akasimama mlangoni. Akasema, baba, sema. Kwa Kiswahili! Msichana huyu!

Nikatazama boksi. Nilizitaka zile picha zote ambazo bado sijazipiga. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Halafu nikaiona kalenda. Kila jiko, mwezi hadi mwezi, jina langu limeandikwa chini ya manowari niliyoipiga nimesimama wima, mchana kweupe, mtu kanishikia begi. Na yule askari, popote alipo, anacheka.

Nikasema, Mama Tahera, asante sana. Wekeni bata.

Otilia akakata simu. Hakugomba. Akasema basi, umeiuza mwenyewe, akaenda kufuta meza ya chakula yote, hata upande usio na vumbi.

Mnunuzi amefika jioni. Ni Mkongo, anaitwa Hyacinthe, anapiga picha za harusi. Mtu mpole sana, kila neno pardon, papa, yaani samahani baba. Nimemwonyesha kila kitufe. Nimemfundisha kuipangusa lenzi kwa kitambaa laini, si kwa shati. Nimeifunga kwenye kitenge mimi mwenyewe, maana Otilia alikuwa amegeukia dirisha, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mikono yangu sasa ni myepesi. Ni hilo tu.

Mlangoni Hyacinthe akasema Jumamosi ana harusi Hamilton, na maharusi wanataka picha kwenye ile manowari ya zamani. Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, kwa wema tu, aingie kwa nyuma, atambae, na atafute hotpoti kubwa. Akaniangalia. Akauliza kwa adabu kama hapana mtu pale wa kuombwa ruhusa.

Nimemwonea huruma. Nimemsindikiza mpaka kituoni nikimweleza upya tangu mwanzo, na basi lilipofika bado alikuwa anauliza dirisha la kuulizia liko upande gani. Watu wengine hawafundishiki.